Sufuria za jiko la gesi: geuza kitako kabla hujalipa

Wasomaji wananiletea lalamiko lilelile, kila mtu kwa maneno yake. Amenunua sufuria ya chuma cha pua, nzito, inayong'aa, ya bei ya kuuma, na bado maziwa yanaungua. Tena hayaungui katikati. Yanaungua pembeni, pale ukuta wa sufuria unapokutana na kitako, na kuacha duara la kahawia lisilotoka hata ukilisugua mpaka mkono ukachoka. Wengine wameita fundi wa jiko. Wengine wamerudi dukani wakaambiwa hawajui kupunguza moto. Jiko lao ni zima na moto wanajua kuupunguza. Kosa ni la sufuria, na lilikuwa linaonekana kwa macho siku ile ile waliyoinunua.

Kwa hiyo mwongozo huu hautahangaika na rangi, kifuniko cha kioo, wala kama chombo kinaoshwa kwa mashine. Hayo yote yameandikwa kwenye boksi. Nataka tuangalie chini.

Chuma cha pua hakishiki kutu wala hakiharibu ladha ya chakula, lakini joto hakilisambazi vizuri. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi ya chuma hicho. Ndiyo maana viwanda huviunganisha viwili, na njia za kuviunganisha ni mbili. Ya kwanza, alumini inabanwa katikati ya tabaka mbili za chuma, kisha bati hilo lenye tabaka tatu ndilo linalokandamizwa kuwa sufuria nzima, kitako na kuta zake. Ya pili, inatengenezwa sufuria nyembamba ya chuma kitupu, halafu chini yake linabandikwa bamba nene la alumini lililovikwa chuma. Njia ya pili ni rahisi kwa kiwanda, na yenyewe si mbaya. Ubaya unaanza pale bamba linapokatwa dogo kuliko kitako.

Moto wa gesi hautoki katikati ya kichomeo. Matundu yamepangwa kwa duara, na miali inasukumwa kwenda nje, inatambaa chini ya kitako, kisha inapanda ubavuni. Sehemu inayopigwa na moto mkali kuliko zote ni huo mzunguko wa pembeni, na hapo ndipo bamba dogo linapoishia. Kinachobaki ni ukanda wa chuma chembamba kisicho na alumini ya kulitawanya joto. Joto linarundikana pale, na kilichogusa pale kinaungua. Sufuria hiyo hiyo ukiiweka juu ya jiko la umeme la kioo, joto linapita kwenye bamba tu na pembeni hapapati kitu, kwa hiyo mwenye jiko la umeme atakusifia sufuria yake kwa moyo mweupe. Anasema kweli. Wewe hutumii jiko lake.

Kwa hiyo dukani geuza sufuria. Ukiona ngazi, yaani bamba limesimama peke yake na kuishia kabla ya ukingo, pima kwa kidole. Bamba likifika pale ukuta unapoanza kupinda, chukua. Kikibaki chuma kitupu chenye upana wa kidole kizima kulizunguka, rudisha sufuria rafuni, hata kama ina uzito wa kutosha kuvunja meza. Usipoona ngazi kabisa, na kitako kikaingia kwenye ukuta bila kiungo chochote, huenda ni ya tabaka kamili, au ni chuma kitupu kisicho na alumini hata kidogo. Uzito utakusaidia kuzitofautisha: ya chuma kitupu ni nyepesi, na ukibonyeza ukuta wake kwa vidole unahisi unakubali.

Ile alama ndogo ya mwali iliyochapwa chini haimaanishi mengi. Inakuambia sufuria inaweza kuwekwa juu ya gesi, haikuambii itapikaje.

Ya kwanza: All-Clad D3

Nina upendeleo na siufichi. All-Clad ilianzishwa na John Ulam, mtaalamu wa metali, mwaka 1971 huko Canonsburg, Pennsylvania, Marekani, na D3 ni tabaka zake tatu: chuma, alumini, chuma, kuanzia kitako mpaka mdomo wa sufuria. Miali ikipanda ubavuni inaikuta alumini ileile iliyoko chini, kwa hiyo lile duara la kahawia halina pa kuanzia. Jambo la pili ni utii wake. Uzuri wa gesi ni kwamba ukipunguza moto, moto umepungua papo hapo. Sufuria nene kupita kiasi inakunyima faida hiyo kwa sababu inaendelea kuchemsha kwa joto ililojiwekea. Ndiyo maana kwa gesi naiweka D3 mbele ya dada yake mwenye tabaka tano, D5, ambayo wauzaji huipigia debe kwa kuwa ni ghali zaidi. Mpini wake wa chuma una mfereji kwa juu na kuna watu unawaumiza kiganja sufuria ikijaa, kwa hiyo ushike kwanza. Ila ni mpini wa chuma ulioungwa kwa ribiti, hauna plastiki ya kuungua.

Kama bei yake haikaliki, Tramontina ya Brazili ina mfululizo wa tabaka tatu kamili uliojengwa kwa mtindo uleule. Hakikisha tu unanunua huo, kwa sababu kampuni hiyo hiyo inauza pia sufuria za bamba, na zikiwa zimepangwa rafu moja zinafanana.

Wapo waliolifanyia kazi bamba kwa uadilifu. Demeyere, kampuni ya Ubelgiji ya tangu 1908, kwenye sufuria zake za Atlantis huweka bamba lenye shaba ndani linalojaza kitako chote mpaka ukingoni. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: siyachukii mabamba. Nayachukia yaliyobaniwa.

Ya pili: chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu

Kwa kikaango, cha Lodge kinatosha kabisa. Wanakisubu South Pittsburg, Tennessee, tangu 1896. Chuma hiki kinapitisha joto polepole kuliko alumini, kwa hiyo ukikiweka kikaango kipana juu ya kichomeo kidogo utapata katikati panapounguza na pembeni pa uvuguvugu. Dawa yake ni subira: moto mdogo, dakika kadhaa kabla ya kutia mafuta, na kichomeo kinachokaribia upana wa kitako. Kikishapata joto hakiliachii upesi, na uzito wake unakifanya kitulie juu ya vyuma vya jiko bila kuyumba. Mwenye jiko la gesi lenye uso wa kioo akishushe taratibu.

Kwa vyakula vyenye ukali wa ndimu au nyanya, vinavyokwangua mafuta yaliyokolea kwenye chuma, kuna sufuria za kusubu zilizopakwa enameli, utando mgumu kama kioo, na Le Creuset ya Ufaransa inazitengeneza tangu 1925. Usiipashe ikiwa tupu juu ya moto mkali, wala usiimwagie maji baridi ikiwa ya moto. Enameli inapasuka, na ikishapasuka haina fundi.

Ya tatu: shaba

Hakuna metali ya jikoni inayoufuata moto wa gesi kama shaba. Ninaiweka ya tatu kwa sababu ya bei na ya matunzo tu. Mauviel, walioanza mwaka 1830 Villedieu-les-Poêles huko Normandy, wanauza za unene wa milimita 2.5 zenye chuma cha pua kwa ndani, na hizo ndizo za kutafuta. Zile za kizamani zilizopakwa bati jeupe kwa ndani zina hatari mahususi kwenye gesi: bati hilo huyeyuka kwenye nyuzijoto 232, na sufuria tupu iliyosahaulika juu ya moto hufika huko upesi sana.

Ya nne: vikaango visivyoshika chakula

Kimoja kwa ajili ya mayai kinatosha, na mwali wake uwe wa wastani daima. Utando wa PTFE, ule unaozuia chakula kushika na ambao wengi huuita Teflon, unaanza kuharibika ukipita takriban nyuzijoto 260, na ukizidi sana hutoa mvuke wenye sumu unaoweza kuua ndege wanaofugwa ndani ya nyumba. Hapa ndipo tunapowalipia wengine. Viwanda vingi sasa vinagandamiza kipande cha chuma chenye matundu chini ya kikaango cha alumini ili kikubali majiko ya induksheni, yale ya umeme yanayopasha chombo kwa nguvu ya sumaku. Mwenye gesi hakihitaji kipande hicho. Alumini inatanuka takriban mara mbili ya chuma hicho inapopata joto, metali hizo mbili zinavutana, na baada ya muda kitako kinaota tumbo. Kikaango chenye tumbo kinazunguka juu ya vyuma vya jiko kama pia, mafuta yanakimbilia upande mmoja, na mafuta ya moto yanayokimbia juu ya mwali ni ajali inayosubiri saa yake. Weka rula kwenye kitako kabla ya kununua. Mwanga ukipenya chini yake, acha.

Za alumini nyembamba na seti za bei ya chini: za kuchemshia maji, basi. Usiiache ikauke juu ya moto, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 na mwali wa gesi una joto zaidi ya hapo mara mbili.

Ukubwa

Mwali ukionekana ukichungulia nje ya kitako, unapasha hewa ya jikoni na mpini. Hata kwa matumizi mazuri, jiko la gesi hupeleka kwenye chakula chini ya nusu ya joto linalotoka, kwa hiyo hakuna cha kumwaga. Sufuria ndogo sana kwa kichomeo chake inapoteza gesi, inaunguza vishikio vya plastiki, na ikiwa nyembamba kuliko nafasi kati ya vyuma inaweza kupinduka. Beba vipimo vya jiko lako unapoenda kununua: upana wa duara la moto, na nafasi katikati ya vyuma. Muuzaji hatakuuliza.

Kosa la upande wa pili halisemwi kabisa. Sufuria kubwa mno, au karai la kuziba vichomeo viwili kwa pamoja, inazuia hewa. Mwali unageuka wa njano, kitako kinapata masizi, na gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Masizi chini ya sufuria ni taarifa: ama hewa haipiti, ama kichomeo kimeziba. Fungua dirisha, safisha matundu, na kama njano haiondoki mwite fundi wa gesi.

Sasa wauzaji. Kwenye boksi wanaandika "tabaka tano" kwa herufi za dhahabu, na ukigeuza unakuta tabaka hizo tano ziko ndani ya bamba tu, ukuta una moja. Hawakudanganya neno, wamekudanganya wewe. Wanaandika "seti ya vipande kumi" na vifuniko vimehesabiwa kuwa vipande. Wananing'iniza seti kwa kamba za plastiki zilizokazwa ili usiweze kutoa sufuria na kuigeuza, na ukiomba wafungue wanakutazama kama mwizi. Omba hivyo hivyo. Asiyekubali uone kitako cha kitu unachokwenda kulipia mshahara wa siku nyingi hastahili pesa yako. Mtandaoni nako picha ni za juu na za ubavuni. Muulize muuzaji akutumie ya chini, na asipotuma, jibu umeshapata.

Kwa ambao tayari wana sufuria ya bamba dogo, msiitupe. Iwekeni kwenye kichomeo kidogo kuliko vyote jikoni, mwali uishie ndani ya mpaka wa bamba, na vitu vizito kama mchuzi au maziwa vipate moto wa chini na mwiko unaopita pembeni mara kwa mara. Ikitokea imekauka maji kabisa juu ya moto, zimeni gesi na muiache palepale mpaka ipoe. Alumini iliyo ndani ya bamba inaweza kuwa imeyeyuka, na ukiinyanyua inaweza kuchuruzika miguuni.