TAHADHARI: Maunti za shokapu zilizochoka zinapakwa rangi na kuuzwa kama mpya

Wenye magari na mafundi wenzangu, kuna mchezo mchafu kwenye biashara ya spea na unahatarisha watu. Maunti za shokapu za mbele zilizong'olewa kwenye magari mengine zikiwa zimeshachoka zinaoshwa, zinapigwa rangi nyeusi, mpira unapakwa dawa ya kung'arisha tairi, kisha zinaingia kwenye boksi jipya lenye jina kubwa. Muuzaji anakupa na warantii ya mdomo juu yake. Gari linatulia siku chache, halafu mlio unarudi palepale. Ukimfuata anakwambia fundi wako hajui kufunga. Magari ya namna hii yanaletwa kwangu: nafungua, nakuta beringi imeliwa na kutu chini ya rangi ambayo bado inanuka.

Kwa asiyeijua, maunti ndiyo inayoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi. Fungua boneti, angalia pande zote mbili juu ya matairi, mara nyingi utaona nati tatu zimeizunguka. Ina mpira ulioshikamana na chuma, na kwenye magari mengi ina beringi inayoiacha shokapu na springi yake izunguke unapokata kona. Mpira ukiachia chuma, kila shimo dogo linagonga hadi kwenye bodi. Beringi ikikwama, springi inajisokota kisha inafyatuka ghafla. Huo ndio mlio unaousikia ukizungusha usukani gari likiwa limesimama. Kuna dalili nyingine watu wanaipuuza: usukani kuwa mzito kurudi wenyewe baada ya kona. Tairi kuliwa upande mmoja pia inaweza kutokana na hapo, ingawa ina sababu nyingi.

Sasa, hakikisha kwanza kwamba kilichokufa ni maunti, kwa sababu wapo pia wanaokuuzia shokapu mbili au stelingi reki nzima (mtambo wa usukani unaogeuza matairi) wakati tatizo ni kipande hiki tu. Mwombe mtu azungushe usukani taratibu kulia na kushoto. Wewe weka kiganja juu ya maunti, au gusa springi kwa nje bila kupitisha vidole katikati ya mizunguko yake. Ukisikia inakwama na kuruka, au inakwaruza, umeshapata jibu. Stabilaiza linki (kile kifimbo kifupi cha kusaidia gari lisilale kwenye kona) iliyochoka nayo inagonga kwenye barabara mbovu, lakini haiifanyi springi iruke unapozungusha usukani. Shokapu iliyokufa utaijua kwa mafuta yanayovuja na gari kuendelea kudunda baada ya tuta. Fundi anayetaja bei kabla ya kugusa gari, muage.

Dukani, usilipe kabla boksi halijafunguliwa mbele yako. Anza na nyuzi za bolti zake. Maunti mpya haijawahi kufungwa nati, kwa hiyo nyuzi zake ni safi tangu mwanzo hadi mwisho; iliyotumika ina alama za nati, au rangi imejazana kwenye nyuzi. Kisha angalia tundu la katikati: ukiona duara lililosuguliwa na washa (kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati), hiyo ilishabeba gari. Chukua kitambaa cheupe usugue mpira. Ukiacha weusi wa mafuta-mafuta, jiulize unaficha nini. Bonyeza kwa kidole gumba pale mpira unapokutana na chuma, maana ufa huanzia hapo na dawa ya kung'arisha huuziba kwa macho tu. Mwisho zungusha beringi. Nzima inazunguka laini, ikiwa na uzito kidogo wa grisi. Mbovu inakwaruza au inacheza ovyo. Linganisha pia namba ya spea na ile inayotakiwa kwa namba ya chesisi ya gari lako, maana zipo zinazofanana kwa sura lakini zinatofautiana kimo.

Wengine wanauza maunti mpya kweli, ila boksi halina beringi, wanakwambia "tumia ile ya zamani, haina shida". Kama gari lako linatumia beringi iliyo kipande cha peke yake, ulizia mapema inauzwa pamoja au peke yake. Kurudisha beringi iliyokwama ni kurudisha ugonjwa uleule.

Kuna na mafundi wanaoshirikiana na hawa wauzaji. Anapulizia grisi juu, kelele inapungua, analipwa kazi nzima. Dai upewe maunti zako za zamani mkononi, na ukiweza simama pale kazi inapofanyika. Na hapa nasema kwa uzito wote: nati ya katikati haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake. Springi ile imebeba nguvu ya kuua mtu. Ukiona fundi anaifunga kwa kamba au waya, simamisha kazi. Mwenye kuijua kazi hashiki fimbo ya shokapu kwa koleo, maana mkwaruzo mmoja unachana sili (mpira unaozuia mafuta) na mafuta yanaanza kuvuja. Anabadilisha pande zote mbili pamoja, anaweka nati mpya ya katikati, anakaza kwa kipimo cha mtengenezaji, anahakikisha ncha ya springi imekaa kwenye mfereji wake. Baada ya hapo gari linakwenda kupimwa alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi.

Kama umeshafungiwa na mlio umerudi, usikubali kuambiwa "itajizoeza". Mpira na beringi havijizoezi. Piga picha maunti, nyuzi zake na boksi lake, tunza risiti, mrudishie muuzaji mbele ya watu, na gari lisiende safari ndefu mpaka upande huo ufunguliwe ukaguliwe.