Nilinunua kobe kwenye maonyesho ya wanyama Lubumbashi: meza moja naisifu, ukumbi hapana

Kwa wenye haraka: muuzaji aliyeniuzia kobe nampa nyota nne kati ya tano, waandaaji nawapa mbili. Majina nayaacha. Yalikuwa maonyesho madogo ya mbwa, sungura na ndege, na wanyama watambaao walisukumwa pembeni kabisa, meza chache karibu na mlango wa nyuma.

Hapo pembeni ndipo matatizo yalipoanzia. Ulikuwa mwezi wa saba, na anayeishi Lubumbashi anaujua mwezi wa saba. Tuko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, usiku joto linashuka chini ya digrii 10, na asubuhi saruji inauma miguu hata ukiwa na viatu. Mbwa anajitengenezea joto lake mwenyewe. Kobe hawezi, mwili wake unafuata joto la mahali alipo. Akikaa kwenye upepo wa mlangoni, tumbo linashindwa kusaga chakula, kinga inalegea, na haichukui muda mrefu utamwona anatoa mapovu puani.

Muuzaji mmoja alikuwa ameweka basini ya kufulia chini sakafuni, imejaa kobe wa jamii ya Kinixys, wale ambao gamba lao lina bawaba kwa nyuma na wakiogopa wanalifunga. Wamepandana. Plastiki tupu, hata karatasi hakuna, kila aliyetaka kutembea anateleza, makucha yanakwaruza palepale. Mmoja alikuwa chali na wenzake wanamkanyaga tumbo. Nilimgeuza, mwenye mali akaniangalia tu. Nikamuuliza wametoka wapi. “Porini, mama, upande wa Kipushi. Wamefika jana.” Alisema hivyo kama sifa, kana kwamba anauza samaki. Kobe hao wakikamatwa porini mara nyingi wanafika kwa mnunuzi wamekauka maji, wana minyoo, na wengi wanakataa kula. Sikuuliza bei.

Meza niliyonunua ilikuwa ya papa mmoja (ndivyo tunavyomwita baba mtu mzima huku kwetu) anayefuga kobe wenye madoa ya chui katika lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake. Sanduku zake ni za tripleksi, zile mbao nyembamba za kubandikwa, kuta juu kuliko kobe na hazipenyezi macho. Watu walimlaumu kwamba bidhaa haionekani mpaka uiname. Lakini kobe haelewi kioo. Ukimweka kwenye sanduku la kioo atasukuma pua ukutani kutwa nzima akitafuta njia, kwa sababu anaona kuna njia. Chini kulikuwa na udongo mkavu na majani makavu, makucha yanashika. Nusu ya kila sanduku ina kipande cha ubao juu yake, kwa hiyo mnyama akichoka na macho ya watu anaingia kivulini. Taa iko upande mmoja tu, ili achague mwenyewe kuota joto au kuondoka, na kipimajoto kimefungwa kwa waya mahali ambapo hata mteja anakisoma.

Halafu umeme ukakatika, kama kawaida yetu. Hapo ndipo nilipomkubali. Mke wake alikuwa na mbabula (jiko la mkaa) nje, sufuria ya maji iko tayari juu yake. Wakajaza chupa za plastiki, wakazifunga kwa vipande vya kitenge ili zisimuunguze mnyama, wakaziweka chini ya ule upande wa taa. Hawakuhangaika wala kukimbizana. Meza ya jirani walikuwa bado wanapiga simu kutafuta jenereta.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kulikuwa na nyoka wadogo wa kahawia, wasio na sumu, wale wanaokula panya, kila mmoja ndani ya kikopo cha plastiki chenye matundu ubavuni na karatasi chini. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu alisema ni ukatili, heri wangewekwa kwenye kioo kikubwa. Mimi nasema kwa siku moja ya soko, kikopo ndicho bora. Nyoka mdogo anatulia akiwa amebanwa kidogo na amefichika. Uwazi mkubwa wenye nyuso kumi zinazomchungulia ndio unaomtisha, na kila kidole kinachogonga kioo anakisikia mwili mzima. Kikopo hicho hakifai kuwa makao yake ya kudumu, hilo tukubaliane. Kosa nililoliona pale ni kwamba vikopo vilipangwa mezani bila kamba wala kizuizi, na watoto walikuwa wanavitikisa ili nyoka “aamke”.

Vinyonga walikuwa na hali mbaya zaidi. Wawili, kila mmoja kwenye tangi la samaki, matangi yamesogezwa pamoja. Kinyonga anapenda kuwa peke yake na anapenda kuwa juu. Hapa hana kijiti cha kupanda, na kila akigeuka anamwona mwenzake au anaiona sura yake mwenyewe kwenye kioo. Mmoja alikuwa amevimba na kuwa mweusi tii. Watazamaji wakafurahi kwamba “amebadilika rangi”, kumbe ile ni hasira na hofu. Macho ya mwingine yalikuwa yameingia ndani, dalili ya kiu. Mbele yake kulikuwa na kisahani cha maji kimejaa, lakini wengi wao hawanywi kwenye kisahani, wanalamba matone kwenye majani. Fremu ya miti iliyozungushiwa wavu wa chandarua, tawi lenye majani ndani, na chupa ya kupulizia maji: haya yote yanapatikana soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa pesa kidogo kuliko bei ya tangi.

Chatu wa kupigwa naye picha sitamzungumzia sana. Alikuwa anapita shingo hadi shingo tangu asubuhi, na waandaaji ndio waliomkaribisha.

Binamu yangu aliyeko Ujerumani aliwahi kwenda kwenye maonyesho makubwa ya reptilia ya mji wa Hamm, akanitumia picha za meza ndefu zilizojaa vikopo. Na wao wanalaumiwa vilevile. Ila huko kuna mwongozo wa serikali wa mwaka 2006 kuhusu masoko ya wanyama, unaotaka vyombo vikae juu ya meza na si sakafuni, na mnyama asichunguliwe kutoka kila upande. Mambo hayo mawili tu yangebadilisha kona yetu yote, na hayahitaji hata faranga moja. Nilimwambia mwandaaji. Akanijibu kwamba mwaka huu walifikiria zaidi mbwa.

Jingine la waandaaji: ndoo yenye robine (bomba) ya kunawia mikono na sabuni ilikuwa mlango wa mbele tu, ambako hakuna mtambaazi hata mmoja. Kobe na mijusi wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila wenyewe kuugua, na pale watoto walikuwa wanashika kobe kisha wanaendelea na beignet (maandazi) zao.

Nirudi kwa papa wangu. Kabla ya kuchukua pesa aliniuliza kama nina jua la kutosha uani na kama nina mbwa. Akamweka kobe kiganjani, akanionyesha macho makavu, pua safi, miguu inayosukuma kwa nguvu. Akasema nimpe nyasi na magugu, matembele mara mojamoja, na nisimzoeshe matunda. Kijana mmoja alikuja akitaka wawili wa kupeleka Ndola, Zambia. Papa akamuuliza: “Una kibali cha CITES?” Huo ni mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Hana. “Basi pale mpakani Kasumbalesa mimi na wewe hatujuani,” akamrudishia noti zake. Yuko sahihi: kobe hawa wako kwenye Kiambatisho cha pili cha mkataba huo, na nchi yetu, Kongo, imo tangu mwaka 1976.

Ile nyota moja niliyomnyima ni ya katoni. Nilimlipa dola 40 za kobe, tukaelewana vizuri, kisha akaniomba dola 3 za katoni ya kumbebea, yenye matundu na majani ndani. Katoni ni nzuri na kobe alifika nyumbani Katuba bila tatizo, lakini kwa mtu anayejali hivyo namna mnyama anavyokaa, gharama ya kumsafirisha ingekuwa ndani ya bei tangu mwanzo. Wateja wawili walikataa kuilipia na wakaondoka na kobe ndani ya mfuko wa plastiki, mbele ya macho yake.