Miezi minane na RTX 4060 katika chumba chenye pangaboi

Kadi hii ya michoro niliinunua Kariakoo mwezi Novemba 2024, kwa shilingi milioni moja na elfu hamsini, na tangu siku hiyo imo ndani ya kompyuta yangu ya mezani nyumbani Sinza. Sikutaka kuandika lolote kabla joto la Januari hadi Machi halijapita, kwa sababu mwezi Julai hapa Dar es Salaam kila kadi ni nzuri.

Kompyuta yenyewe ni ya kawaida: prosesa ya Core i5-10400F, RAM ya gigabaiti 16, ubao mama wa B460 na skrini ya 1080p yenye hezi 144. Kadi niliyoitoa ni RX 580, toleo la mwaka 2017, ambayo sina ugomvi nayo isipokuwa kwamba ilikula hadi wati 185 na kuzirudisha zote chumbani kama joto. Chumba changu hakina kiyoyozi. Kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na pangaboi ambalo usiku wa Februari huzungusha tu hewa iliyokwisha kuchemka. RTX 4060 imewekewa kikomo cha wati 115, yaani wati 70 pungufu, na kwa mtu kama mimi anayecheza kwa muda wa saa nne kila usiku hesabu hiyo inafikia uniti nane na kidogo za LUKU kwa mwezi. Fedha hiyo si ya kumfanya mtu anunue kadi mpya. Ila kucheza hadi saa sita usiku bila kuvua fulana ni jambo ambalo halimo katika majedwali ya fremu, yaani picha ambazo kadi huchora kila sekunde, na kwangu lilikuwa na uzito kuliko fremu 10 za ziada.

Kuna na suala la umeme kukatika. UPS yangu, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ni ndogo, ya VA 650, ya aina ambayo kwa uhalisia hubeba wati 360 hivi. Nilipokuwa na RX 580, umeme ukikatika katikati ya mchezo mzito, UPS ilikuwa ikilia mara moja, kisha kila kitu kinazimika kana kwamba haikuwepo. Sasa inabeba mzigo wote kwa dakika nne au tano, muda wa kutosha kuhifadhi mchezo na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Nimelishuhudia hilo mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Kabla ya kuamua kununua RTX 4060 nilikaribia kuchukua RTX 3060 ya gigabaiti 12, iliyotumika, na nakiri kwamba hadi leo nafsi yangu huirudia. Muuzaji mmoja aliniwekea moja juu ya kaunta na kuniambia, “Kaka, hii ni mpya kabisa, boksi tu ndilo limepotea.” Niliigeuza. Skrubu nne zinazoshika kipozea zilikuwa zimekwanguliwa vichwa, na pedi za joto zilikuwa zimetoa mafuta yaliyoganda pembezoni mwa bodi. Mwezi Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa, yaani kupatikana kwa hesabu nzito zinazofanywa na kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikamwagika katika masoko ya mitumba duniani. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini anayeiuza kama mpya amekwisha kunieleza anavyofanya biashara. Kwa anayenunua ya mkononi, nashauri aombe kompyuta iwashwe palepale dukani na programu ya GPU-Z ifunguliwe: tangu 2018 programu hiyo ina uwezo wa kutambua kadi nyingi za zamani zilizobadilishwa jina ili zionekane za kisasa.

Duka niliponunua nalo lilinipa risiti yenye dhamana ya miezi mitatu, ilhali kwa mdomo tulikubaliana mwaka mmoja. Nililigundua hilo nikiwa tayari kwenye daladala. Soma risiti kabla ya kuondoka kaunta.

Kuifunga hakukuhitaji fundi. Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wa kasha kwa bisibisi na kutoa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi. Vile vibati viwili vya nyuma vilikuwa vimeshaanza kutu, jambo la kawaida kwa chuma chochote katika mji huu wa pwani. Kadi ikaingia kwenye nafasi yake kwa mlio mmoja wa kufuli. Inahitaji plagi moja tu ya umeme ya pini nane, na NVIDIA, kampuni iliyobuni kadi hii, wanapendekeza pawa saplai ya wati 550, ambayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nilipowasha, skrini ilibaki nyeusi. Nilihangaika kwa robo saa, nikaanza kumlaumu muuzaji kwa sauti, mpaka mdogo wangu aliponionyesha kwamba waya wa skrini nilikuwa nimeuchomeka kwenye ubao mama badala ya kadi, na prosesa yenye herufi F haina michoro yake ya ndani.

Kwa michezo, eFootball sitaipotezea maneno. Hata kadi ya zamani iliimudu. Cyberpunk 2077 ndiyo iliyonipa kipimo. Kwa 1080p, mipangilio ya juu bila miale ya mwanga (ray tracing), napata fremu 60 na kidogo kwa sekunde, na mitaa yenye watu wengi hushuka chini ya hapo kwa sababu ya prosesa yangu, si kadi. Nikiwasha DLSS, teknolojia ya NVIDIA inayochora picha ndogo kisha kuikuza, katika ngazi ya ubora, mchezo unatulia. Teknolojia ya kuzalisha fremu, ambayo RTX 3060 haina katika DLSS 3, huipandisha namba iliyo kwenye kona ya skrini hadi kunifurahisha, lakini mkono haudanganyiki: fremu zilizotungwa hazisomi kipanya, kwa hiyo kama fremu halisi ni 35, mchezo utaonekana laini na bado utajisikia mzito. Naitumia tu pale fremu halisi zinapofika 60. Joto la kadi, chumba kikiwa na nyuzi 32, halijawahi kupita nyuzi 71, na feni zake husimama kabisa ninapoandika au kutazama video.

Kasoro iko kwenye kumbukumbu ya kadi yenyewe. RX 580 yangu ya mwaka 2017 ilikuwa na gigabaiti 8. Kadi hii, iliyotoka Juni 2023, ina gigabaiti 8. Na hata mrithi wake, RTX 5060 ya mwaka 2025, anaanza na gigabaiti hizohizo 8 na anataka wati 145. Kwa walio na kompyuta za umri wa yangu kuna mtego wa ziada, ambao wauzaji hawautaji: RTX 4060 hutumia njia nane tu za PCIe, kiunganishi cha kadi na ubao mama, badala ya kumi na sita. Kwenye ubao wa PCIe 4.0 hilo halina shida, lakini B460 yangu ni ya PCIe 3.0, kwa hiyo upana wa njia ni nusu. Maadamu kila kitu kinaenea ndani ya gigabaiti 8, tofauti huioni. Kumbukumbu ikijaa, kadi hulazimika kuazima RAM ya kompyuta kupitia njia hiyo nyembamba, na hapo mchezo hukwama nusu sekunde kila unapogeuka, kama gari linalokwenda na kukanyagwa breki.

Dawa yake niliipata kwenye mipangilio ya mchezo, katika mstari mmoja tu: ubora wa sura za vitu (textures) nimeushusha ngazi moja kutoka ile ya juu kabisa. Kukwama kumekoma, na tofauti ya picha siioni mpaka nimsimamishe mhusika wangu akitazama ukuta kwa karibu, kazi ambayo kwa kweli nimeifanya mara moja tu, nikitafuta kosa.