Propranololi kwa sisi tunaokojoa sukari

Nyota nne, ya tano nimeibania makusudi.

Mi nina ile hali ya kurithi ya figo kumwaga glukosi, mama anayo na kaka yangu anayo, damu zetu ziko poa, sukari ya asubuhi poa, kile kipimo cha miezi mitatu poa, ila chovya kijiti kwenye mkojo uone kinavyobadilika rangi fasta. Jeni yenyewe inaitwa SLC5A2, ndo inayotengeneza mlango wa kurudisha sukari kwenye damu, sasa wa kwetu mbovu. Mtu wa kawaida sukari inaanza kutoka kwenye mkojo ikishafika kama 10 (mmol/L) kwenye damu, sisi hata ikiwa 5 inatoka tu. (Nilishawahi kuandikiwa dawa za kisukari kwa mkojo peke yake, nikagoma mpaka wapime damu.)

Sasa moyo ukaanza kwenda mbio nikapewa propranololi ya miligramu 40, asubuhi na jioni. Inafanya kazi, hapo sibishi kabisa, ndani ya wiki kile kifua cha kudundadunda kimetulia na kikombe cha chai nabeba bila kumwaga. Vidole vya baridi na ndoto za ajabu ajabu, aah hayo nimezoea.

Kilichonikera ni njaa. Zamani nikichelewa kula mikono inatetemeka moyo unapiga, najua muda umefika. Hii dawa inazima hizo kengele zote inaacha jasho tu. Siku hiyo nimeruka mlo wa mchana niko kazini, shingo imelowa, mstari mmoja nausoma mara ya tatu hauingii, mikono nayo imetulia kama maji ya mtungini. Kupima sukari, 3.4, imeshuka! Hali yetu yenyewe huwa haishushi sukari ya damu, ila njaa na propranololi vikikutana ndo hivyo. Na karatasi ya kwenye boksi nilishaisoma, ile sehemu ya sukari nikaipita maana naona wanaongea na watu wa kisukari, mi sina kisukari bwana.

Daktari ananihamishia bisoprololi, anasema hiyo inalenga moyo zaidi, haifuniki dalili kiasi hicho. Ila usije ukaacha ghafla eti kisa umesoma hapa, mi napunguziwa kidogo kidogo, saa hizi niko nusu kidonge na biskuti ziko mfukoni.