Mafunzo ya utulivu wa akili kwa wachezaji wa tenisi
Nimemaliza wiki 6 za mafunzo haya, na ninayasifu hasa kwa sababu mwalimu hakutuhubiria ujasiri, bali alitufundisha kuzitumia sekunde 25 ambazo kanuni hutoa kati ya pointi moja na nyingine: kuupa wavu mgongo, kunyoosha nyuzi za raketi kwa vidole, kupumua taratibu, kisha kuamua mpira unaofuata utapigwa wapi. Alituonyesha fainali ya Wimbledon ya 2019, ambapo Novak Djokovic aliokoa pointi 2 za ubingwa dhidi ya Roger Federer (yaani mara 2 Federer alibakiza pointi moja tu atwae kombe), akashinda. Daftari la malengo limeniwezesha kudamka mazoezini bila kusukumwa na mtu. Hata hivyo, wanafunzi 14 kwa mwalimu mmoja ni wengi mno.