Ukulele ya baritoni baada ya gita: nilichokipata na nilichokikosa

Tangu nijifungue mwaka juzi, kifundo cha mkono wangu wa kushoto kimekuwa kikinisumbua. Gita langu la nyuzi za chuma nilikuwa nalipiga dakika kumi tu, maumivu yanapanda hadi kwenye gumba. Nikaliacha karibu mwaka mzima, na huko kuliacha kuliniuma kuliko mkono wenyewe.

Mwenzangu wa kwaya akaniazima ukulele yake ya baritoni, kigita cha nyuzi nne, kikubwa kuliko ukulele za kawaida. Nilikaa nayo mwezi mzima kabla ya kununua yangu, na namshukuru sana kwa huo mwezi, maana mimi nilitegemea kile kigita kidogo chenye sauti kali ya juu. Sivyo kabisa. Baritoni ina urefu wa sentimeta 76 hivi, sauti yake ni nzito na ya upole, na nyuzi zake ni D, G, B, E: zilezile nne nyembamba za gita, ukiondoa mbili nene. Ukulele nyingine hutyuniwa G, C, E, A. Kwa hiyo kodi za gita (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) unazozijua unazishika vilevile. Jioni ya kwanza nilipiga nyimbo tatu za Jumapili bila kutazama vidole, mwanangu amelala pembeni na hakushtuka.

Mkono nao umepata nafuu. Nyuzi ni za nailoni, shingo ni fupi, vidole havitanuki sana wala havikandamizi kwa nguvu. Sasa napiga nusu saa.

Shida ipo kwenye besi. Mimi nimejifunza ule upigaji wa vidole viwili wa Katanga, kusini mwa Kongo: gumba linatembea na besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake. Ukipiga wimbo wa G, yaani uliojengwa juu ya noti ya G, gumba linapokezana kati ya D na G, unaridhika. Wa D pia ni mtamu. Ukija kwenye C ndipo unapokwama: ile C nene ya uzi wa tano wa gita haipo, na noti ya chini kabisa ndani ya kodi hiyo inakuwa E. Wimbo unabaki kama nyumba isiyo na msingi. Nilihangaika nalo wiki mbili, mwisho nikahamishia nyimbo zangu za C kwenye G. Bahati nzuri sauti yangu ni ya chini. Kukiwa na mpiga besi pembeni, hata hulioni pengo.

Niliponunua yangu nilichagua ya mbao za tabaka zilizogundishwa, ambazo hazipindi upesi kwa unyevu wa Dar es Salaam. Wiki ya kwanza ilinichosha, nailoni mpya hunyooka na kushuka kila baada ya dakika chache. Baada ya miezi minne uzi wa D, ule uliozungushiwa waya, ukafifia sauti. Nyuzi za baritoni sikuzipata dukani, nikanunua seti ya gita la klasiki na kutumia D, G, B na E zake. Zimelegea kidogo, lakini zinalia vizuri. Za chuma usithubutu, zinaweza kung'oa daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye tumbo la ukulele.

Dada yangu alitaka kumnunulia binti yake kama hii, nikamkataza. Mtoto anajifunza kwa video za ukulele ya kawaida, na kule anakoonyeshwa C, kwenye baritoni kushika vilevile kunatoa G. Ukifunga kapo, kibanio cha shingoni, kwenye freti (mstari wa chuma wa shingo) ya 5 noti zinarudi, ila ule uzi wa G wa juu, unaoipa ukulele uchangamfu wake, huupati. Tukamchukulia soprano, ile ukulele ndogo.

Gita langu sijaliuza. Lipo ukutani, na Jumamosi nikiamka mkono hauumi nalishusha kwa wimbo mmoja tu, wa C.