Reli ya North Yorkshire Moors: tiketi unailipia mlima, si jina la injini

Wapenzi wa treni za mvuke wanaokwenda Uingereza kwa mara ya kwanza hufuata majina: Mallard, Flying Scotsman, Tornado. Mallard iliweka rekodi ya dunia ya mvuke, maili 126 kwa saa, tarehe 3 Julai 1938, lakini leo imesimama katika jumba la makumbusho la reli mjini York na haivuti hata behewa moja. Flying Scotsman bado inatembea, na reli yoyote inayoialika hujaa watu hadi pa kuegemea hupati. Anayetaka kuisikia injini ikifanya kazi kwelikweli, kuanzia dohani hadi magurudumu, apande treni stesheni ya Grosmont aelekee Goathland, kwenye reli ya kihistoria ya North Yorkshire Moors, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Ni kipande cha kama maili 3 na nusu tu. Hicho ndicho kinachoipa reli hii thamani, na ajabu ni kwamba abiria wanaoanzia Pickering hukipita kwanza wakiteremka, breki zikilia na injini imepumzika.

Reli nzima ina maili 18, sawa na kilomita 29, kutoka Pickering hadi Grosmont, na baadhi ya treni huendelea maili 6 zaidi hadi Whitby, pwani. Ilifunguliwa mwaka 1836, mhandisi akiwa George Stephenson, na mwanzoni mabehewa yalivutwa na farasi. Pale Beck Hole palikuwa na mteremko mkali ambao farasi hawakuuweza, kwa hiyo mabehewa yalipandishwa na kushushwa kwa kamba, hadi mwaka 1865 njia mpya ilipochongwa ubavuni mwa kilima. Njia hiyo mpya ndiyo inayotumika sasa, na bado ni kali: mwinuko wa 1 kwa 49, yaani kila mita 49 za mbele treni hupanda mita moja. Kwa barabara ya magari hilo si lolote. Kwa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma ni habari nyingine kabisa.

Piga hesabu. Mabehewa saba ya abiria ya aina ya zamani iitwayo Mark 1, pamoja na abiria wake, ni kama tani 250. Ongeza injini na gari lake la makaa na maji, unakaribia tani 400. Kwenye 1 kwa 49, uzito huo unavuta kurudi nyuma kwa nguvu ya karibu tani 8, kabla hujaongeza msuguano wa kona. Nguvu yote hiyo lazima ipite pale magurudumu yanapogusa reli, na kila mguso hauzidi ukubwa wa sarafu ndogo. Reli ikiwa na unyevu, au majani ya Oktoba yaliyosagwa yakawa utelezi mweusi, magurudumu huanza kuzunguka pale pale. Utaijua kwa sauti: mipigo iliyokuwa imepangika hugeuka ghafla kuwa mngurumo wa haraka, moshi unaruka juu, kisha kimya cha sekunde moja au mbili dereva anapofunga mvuke, anamwaga mchanga mbele ya magurudumu na kuanza upya taratibu. Akichelewa kufunga, pistoni na fito za kuendeshea magurudumu huumia, na mrindimo huo huweza kuurarua moto ndani ya tanuri.

Hapa ndipo umaarufu wa jina unapoweza kukudanganya. Chukua Sir Nigel Gresley, namba 60007, iliyojengwa Doncaster mwaka 1937, ambayo kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Grosmont. Ni ndugu wa Mallard, na mwezi Mei 1959 ilifika maili 112 kwa saa. Ni injini nzuri mno kuitazama. Lakini magurudumu yake yanayovuta yana kipenyo cha futi 6 na inchi 8, yaliyokusudiwa mbio za tambarare, na hapa kikomo cha mwendo ni maili 25 kwa saa. Injini peke yake ina zaidi ya tani 100, ila uzito unaokaa juu ya magurudumu yanayovuta ni kama tani 66 tu. Uliobaki unabebwa na magurudumu madogo ya mbele na nyuma. Mbaya zaidi, inapoanza kuvuta mzigo mlimani, uzito huhamia nyuma kidogo, juu ya yale magurudumu madogo yasiyovuta, na ushikaji unapungua wakati unaohitajika hasa. Ndiyo maana madereva huiondoa kituoni kwa upole wa kumwamsha mtoto.

Linganisha na Q6 namba 63395, iliyojengwa Darlington mwaka 1918 kwa ajili ya kuburuta makaa ya mawe kaskazini mashariki mwa Uingereza. Haina jina. Ina magurudumu manane, madogo, yote yanavuta, na uzito wote wa injini, nao ni kama tani 66, unakaa juu yake. Kwa maneno mengine, inaishika reli sawasawa na Sir Nigel Gresley bila kubeba uzito wa ziada. Ukikuta siku ambayo Q6, au 9F namba 92134 yenye magurudumu kumi yanayovuta, ndiyo iliyo kazini, panda hiyo na uiachie foleni treni yenye jina. 9F hiyo ndiyo pekee ya aina yake iliyobaki yenye dohani moja badala ya mbili, kwa hiyo hata mwindaji wa vitu adimu hatapoteza.

Tofauti ya sauti nayo ina maelezo yake. Injini ya silinda mbili, kama Q6, hutoa mipigo minne kila gurudumu linapozunguka mara moja. Sir Nigel Gresley ina silinda tatu, kwa hiyo hutoa sita. Lakini magurudumu yake ni makubwa. Kwa mwendo wa maili 15 kwa saa, Sir Nigel Gresley na Q6 zote hutoa mipigo kama sita kwa sekunde, ila ya Q6 ni mizito na ya mkato, ile nyingine ni laini na imeungana. Ukifumba macho ndani ya behewa la kwanza utazitenganisha bila shida.

Sasa, wapi pa kukaa? Behewa lililo jirani na injini ni la kusikia, la mwisho ni la kuona. Njia inapinda mara nyingi, na ukiwa nyuma utaiona injini ikijitokeza kwenye kona na moshi wake ukilala juu ya mabehewa ya mbele. Kwa safari ya kupanda kutoka Grosmont ni bora mbele. Kwa kurudi haijalishi. Usitoe kichwa dirishani: handaki linaanza mara tu baada ya stesheni ya Grosmont, na nguzo na madaraja yako karibu sana na behewa. Hata bila kichwa kutoka, chembe za makaa huingia, basi miwani ya kawaida inasaidia na shati jeupe linajuta. Mabehewa ya Mark 1 ya miaka ya 1950 na 1960 hayana kitasa kwa ndani; unateremsha kioo na kufungua mlango kwa mkono upande wa nje. Wageni hukwama hapo hadi mhudumu wa jukwaani awafungulie. Siku za baridi mabehewa hupashwa joto kwa mvuke wa injini yenyewe, unaopita kwenye mabomba chini ya viti, na behewa la mwisho ndilo huchelewa kupata joto.

Kabla treni haijaondoka Grosmont, nenda mbele ukatazame kazi ya mchochea moto. Ni dakika za thamani kuliko zote. Moto unatakiwa uwe mnene na unaowaka sawia kila pembe ya tanuri, kipimo cha mvuke kiwe karibu na mstari mwekundu, na maji kwenye kipimo cha kioo yawe juu ya nusu. Moto ukiwa mwembamba, mvumo mkali wa dohani wakati wa kupanda hutoboa matundu ndani yake, hewa baridi inapenya, mvuke unashuka, na treni italazimika kusimama mlimani ili boila ijijaze nguvu tena. Maji yakizidi nayo ni balaa: huchukuliwa pamoja na mvuke hadi kwenye silinda, na maji hayabanwi, hivyo kifuniko cha silinda kinaweza kupasuka. Yakipungua ni hatari kubwa kuliko zote. Injini ikipanda dohani ikiwa mbele, maji ya boila huegemea nyuma na kulifunika paa la tanuri. Njia inapolala tena kule juu Goathland, maji yanarudi mbele na kipimo kinashuka ghafla. Mchochea moto asiyelikumbuka hilo anaweza kuliacha paa la tanuri wazi juu ya moto. Kinga ya mwisho ni plagi zenye madini ya risasi, ambazo huyeyuka na kuachia mvuke uingie motoni, na siku ya injini hiyo imeishia hapo.

Karakana ya Grosmont inafikiwa kwa miguu kupitia handaki la zamani la Stephenson, lile la enzi za farasi, lililo sambamba na la treni. Usikose kulipitia. Ukitoka upande wa pili utaona injini zikisafishwa majivu, na nyingine zimevuliwa hadi mifupa. Kwa kawaida kila baada ya miaka 10 boila hufunguliwa yote na kukaguliwa upya, na kazi hiyo huweza kula miaka kadhaa na fedha nyingi. Ndiyo sababu ya kulaumiwa bure kwa reli nyingi: injini uliyoiona pichani mwaka jana leo ni vipande sakafuni.

Kwa wapiga picha na wanaopenda kutazama kutoka nje, teremkia Goathland. Ipo njia ya miguu iitwayo Rail Trail inayofuata ile njia ya asili ya 1836, kupitia Beck Hole hadi Grosmont, urefu wa maili 3 na nusu. Itembee kwa kushuka; ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, na viatu viwe vya tope. Darnholm, karibu na Goathland, ni mahali pazuri kuliko pote pa kuiona treni ikimalizia mlima. Fika mapema, utaisikia kwa muda mrefu kabla hujaiona. Moshi mweupe unaopendeza pichani si moshi, ni mvuke unaogeuka matone madogo ya maji kwenye hewa baridi, kwa hiyo Aprili asubuhi na Oktoba hushinda Julai mchana kwa mbali. Kibanda cha zamani cha mizigo Goathland sasa ni mgahawa wa chai, na meza zimewekwa ndani ya mabehewa ya mizigo. Chai ni ya kawaida, mahali ni pa pekee.

Kipande cha kusini, Newtondale hadi Pickering, kina bonde zuri lakini injini haihangaiki sana. Paa la stesheni ya Pickering liliondolewa 1952 na likajengwa upya 2011. Litazame, kisha uendelee. Sehemu ya Whitby sina haraka ya kuisifia. Inafuata mto, ni tambarare, na inatumia reli ya taifa pamoja na treni za kawaida za kwenda Middlesbrough, kwa hiyo treni moja ikichelewa zote zinachelewa. Aliye na watoto wanaotaka bahari ataifurahia. Aliyefuata injini aokoe muda huo apande mlima mara ya pili.

Tatizo kubwa la huduma hii ni dizeli. Kiangazi kikiwa kikavu, cheche kutoka dohani huweza kuwasha nyika, na reli hulazimika kuweka vichwa vya dizeli kwenye baadhi ya treni au zote. Ni uamuzi sahihi, ila aliyesafiri mbali kwa ajili ya mvuke huumia. Injini pia hubadilishwa asubuhi ileile bomba likivuja au beringi ikipata moto. Hakuna tiketi inayokuhakikishia namba fulani. Makaa nayo yamekuwa mtihani tangu mgodi wa Ffos-y-Fran wa Wales uliposimamisha uchimbaji mwishoni mwa Novemba 2023. Reli za kihistoria sasa hutegemea makaa ya nje na matofali ya makaa yaliyoshindiliwa, na kila aina huungua kivyake, kwa hiyo usishangae siku moja moshi ni mzito na siku nyingine haupo.

Kufika: Pickering haina treni ya taifa. Basi la Coastliner 840 hutoka Leeds kupitia York na Malton hadi Pickering na Whitby. Grosmont inafikika kwa treni ya kawaida kati ya Middlesbrough na Whitby, lakini treni hizo ni chache kwa siku. Anayelala Whitby ana nafasi nzuri zaidi: achukue treni ya kwanza ya kawaida hadi Grosmont, aangalie karakana, apande na treni ya mvuke hadi Goathland, ateremke kwa miguu, kisha apande tena. Kabla ya yote aandike saa ya treni ya mwisho ya kurudi, maana ikimpita Grosmont kutakuwa hakuna la kufanya ila kutafuta teksi kutoka mji mwingine.